Dobi wa Kansanga aliyewajengea wenzake meli kwa mashuka

Ni Jumapili asubuhi, Kansanga, mtaa wa Kampala, na Namalwa anaanika. Vibanio viko mdomoni, kwa hiyo salamu anazijibu kwa nyusi. Lakini leo haaniki kwa mistari kama dobi mwingine. Amezungusha kamba pande nne na kuyatundika mashuka meupe mpaka uani pamepatikana chumba. Ndani ameweka godoro, meza ndogo na mumewe.

"Kaa hapo hapo, Baba Amito," anamwambia. "Ukigeuka na hayo mabega utaniangushia ukuta."

Mumewe, Obwona, ni askari polisi, mzaliwa wa Gulu. Anatazama kulia, anatazama kushoto, na hana mahali pengine pa kutazama.

"Namalwa, mimi nimefungia wezi wa kuku kwenye vyumba vikubwa kuliko hiki."

"Wezi wa kuku hawaendi Komoro."

Chumba hicho kina ukubwa ule ule wa kabini ya meli ya watalii itakayoondoka Mombasa mwezi wa Desemba. Kabla ya saa sita, wanawake kumi na watatu watafika hapa kuamua kama Namalwa ataipanda na mumewe.

Alivuka mpaka wa Busia mwaka 1994 akitokea Bungoma, mkononi ana pasi ya makaa na maelekezo ya nyumba ya shangazi ambaye alikuwa ameshahama. Tangu hapo anafua mashuka ya nyumba za wageni za barabara ya Ggaba, shilingi mia tano kila shuka. Mashuka aliyokwisha kufua, ukiyaunganisha, yanafunika kilima kizima cha Old Kampala, na yanabaki ya mapazia. Hakuna aliyepima, lakini jirani hata mmoja hajabisha.

"Nimefulia watu wa nchi ambazo hata kuzitaja siwezi," anasema. "Wanalala, wanaamka, wanaondoka bila kugeuka nyuma. Nikasema, na mimi siku moja nilale kwenye shuka, niamke, niliache hapo hapo."

Picha ya meli aliipata kwa wakala wa safari, ghorofani, huko huko Old Kampala. Alirudi kuuliza mara nyingi hata wakala akawa anamwekea chai. Za bei yake zilikuwa safari mbili: usiku saba mpaka Komoro na Madagaska, kabini ya ndani isiyo na dirisha, au usiku nne, Zanzibar na kurudi, kabini yenye dirisha. Namalwa akaipenda ile ndefu.

Kikwazo ni walipaji, kikundi chake cha nigiina, ambacho wanawake wake humchangia mwenzao mmoja kwa zamu. Sharti lao ni moja: hakuna fedha mkononi. Kinanunuliwa kitu, kinaingizwa mlangoni kwa nyimbo, na kila mmoja anakigusa. Waliamua hivyo baada ya mchango wa mwenzao kuishia kooni mwa mumewe. Tangu hapo ni makabati, magodoro na sufuria.

Sasa meli utaigusa vipi?

Habari yake ilitoka Kansanga asubuhi ikiwa nyembamba, ikafika soko la Nakawa jioni imenenepa: Namalwa ananunua meli, ataiegesha ziwani Ggaba, na Obwona atakuwa mlinzi. Mwenyekiti wao, Rosalba, muuza vitenge wa Nakawa, akakata maneno.

"Mama Amito, kitu hakionekani, hakiguswi, hiyo si zawadi, hiyo ni hewa. Jumapili utuonyeshe, ama uchukue sufuria kama wenzako."

Namalwa ndiye wa mwisho kwenye mzunguko. Wenzake wote ameshawachangia. Mwaka ujao Obwona anastaafu na wanahamia Gulu. Zamu nyingine hakuna.

Wanawake wanafika. Rosalba ametangulia, na nyuma yake bodaboda imebeba seti nzima ya sufuria, kwa tahadhari.

"Karibuni ndani, wawili wawili," Namalwa anasema. "Viatu nje."

Anaingia Joska, muuza samaki. Upepo unapiga, kuta zinavimba na kusinyaa. Joska anashika meza kwa mikono miwili.

"Nnyabo, mama, inatembea!"

Anatoka amekunjua uso, na kabla hajapata viatu vyake ameshawaeleza wenzake kwamba Mombasa ameiona kwa mbali. Halafu anakumbuka jambo.

"Chakula je?"

"Kimeshalipiwa."

"Unakula mara ngapi?"

"Unavyotaka."

"Mpaka saa ngapi?"

"Joska, hakuna saa."

"Na vyombo anaosha nani?"

"Si mimi."

Minong'ono inazunguka uani. Ni Obwona anayeikata, akiwa bado amekaa pale godoroni.

"Mimi bila dirisha siendi," anasema polepole. "Miaka thelathini nafunga watu. Chumba kama hiki, mlango ukifungwa, najua mtu anavyopumua."

Namalwa anamtazama mumewe, kisha analishika shuka la upande wa barabara na kulikunja juu ya kamba. Bahari haipo. Kuna korongo mmoja juu ya jalala, na mbele yake bodaboda zinapita. Obwona anatazama kwa muda mrefu.

"Hapo sawa," anasema.

"Basi Zanzibar," anasema Namalwa. Komoro inaondoka hivyo, bila hata kuagwa.

Amebaki Rosalba. Anavua viatu, anamwondoa Obwona kwa kidole, analisugua shuka kati ya vidole kama anavyosugua kitenge cha kutilia shaka. Analala. Shuka limepigwa pasi, lina ubaridi. Anafumba macho.

"Mwenyekiti?" Joska anaita.

"Nini?"

"Tunapitisha ama hatupitishi?"

"Imepita. Nimeigusa."

Vigelegele vinapanda mpaka korongo anaruka. Dereva wa bodaboda anaambiwa asishushe kitu.

"Basi toka, Mama," Namalwa anamwambia Rosalba. "Wenye mashuka wanayataka alasiri."

"Niacheni kwanza. Hatujafika."

Wiki hii Obwona anakwenda kushughulikia pasipoti, kisha wote wawili wachanjwe homa ya manjano. Desemba watapanda basi mpaka Mombasa. Mengine Namalwa ameshayapanga.

"Asubuhi ya kwanza kitanda sitandiki," anasema. "Ya pili sitandiki."

"Na ya tatu?" Obwona anauliza.

"Ya tatu nitaangalia tu kama pindo wanalipiga pasi vizuri."