Dakika Kumi za Asubuhi

Binti yangu alizaliwa bila njia ya haja kubwa. Kabla hajatimiza miaka miwili alikuwa amepasuliwa mara tatu, na mshono wa mwisho ulipopona nilidhani tumemaliza. Hakuna aliyeniambia kwamba kupona kwenyewe ni kazi ya miaka. Au waliniambia, nikasikia nilichotaka.

Alipoanza chekechea alirudi amejichafua karibu kila siku. Nesi wa kliniki alinieleza kwamba misuli ya huko chini haikuwa na nguvu kama ya watoto wengine, kwa hivyo tumbo lifundishwe ratiba: anywe chai, kisha akae chooni dakika kumi, kila asubuhi, saa ile ile. Niliitikia kwa adabu. Tulikuwa tunaishi Makina, nyumba tisa choo kimoja, na asubuhi foleni ilifika langoni. Ningemwambia nani anipishe? Nikachagua njia yangu ya kijinga: siku za shule sikumpa chakula chochote mpaka arudi.

Mwenye ploti ile ya nyumba tisa, mama wa Kinubi asiyemung'unya maneno, alimkuta binti yangu kizingitini akitetemeka kwa njaa. Akaniita.

"Walimpasua huyu mtoto ndio akule," akaniambia. "Wewe unamnyima ya nini?"

Nilimjibu kwa hasira kwamba hajui aibu ninayoipata. Kisha nikamweleza yote. Asubuhi iliyofuata, saa kumi na mbili na nusu, alimwingiza binti yangu chooni, akaweka kigoda mbele ya mlango na kuketi. Wapangaji walinung'unika siku mbili tatu. Halafu fundi viatu mmoja mwenye mdomo, akiona mtu anakuja na ndoo, akawa anamwambia, "Ngoja, mheshimiwa yuko kikao." Jina likashika, na binti yangu akawa anatoka humo kifua mbele. Miaka saba walimpisha. Watu wale nawaombea hadi leo.

Tulishahamia Gatina, choo chetu ndani, alipoitwa shule ya bweni. Daktari wake alisema huenda ajali zikamtokea mara moja moja hata ukubwani, lakini hilo lisimzuie kwenda. Mimi nilikataa. Huko nani angemwekea kigoda? Alininunia wiki nzima mpaka nikalegea, ila nilimwapisha asimwambie mtu yeyote.

Siku ya wazazi nilifika mapema, chai ya asubuhi ikiwa ndiyo kwanza imekwisha. Nilipouliza alipo nilielekezwa nyuma ya bweni, kwenye vyoo. Msichana mmoja alikuwa amesimama mbele ya mlango, amekunja mikono, na mwenzake mmoja kwenye foleni. Nikamwambia namtafuta binti yangu.

"Ngoja kidogo, mum," akasema. "Mheshimiwa yuko kikao."

Machozi yalinitoka pale pale. Nilikuwa nimemkataza kusema, na namshukuru Mungu kwamba mtoto hakunisikiliza. Nikasimama nyuma ya yule mwingine, nikangoja zamu yangu.