Nesi Aliyemvuta Miguu Nyati wa Lambwe

Nimekosa. Nasema mapema, kabla aibu haijanishika mkono. Yule nesi wa sokoni Ntimaru, yule wa koti jeupe na kitambaa mdomoni, yule ambaye kwetu nyumbani amelaaniwa asubuhi na jioni mpaka jina lake limekuwa kama sala, ni mimi.

Msamehe, msisamehe, shauri yenu. Lakini nisikilizeni kwanza.

Mimi ni msichana wa Form Two. Mwalimu akiniuliza swali ninalolijua, najibu nikiangalia viatu vyangu. Nikitumwa dukani nasimama nje mpaka wateja wote waishe. Yale ambayo wenzangu husema kwa mdomo, mimi huyaandika tu usiku kwenye shajara, halafu naificha hata mimi mwenyewe nisiione.

Ndugu yangu Oyugi si kama mimi. Yeye alizaliwa akipiga kelele na hakuona sababu ya kunyamaza. Wikendi alikuwa anaenda kwa jirani yetu mwenye televisheni ya betri ya gari kutazama wazungu wanene waliovaa chupi za rangi wakitupana kama magunia. Betri ikiwa chini picha ilijikunja, na watu wakaendelea kushangilia kivuli.

"Nyamera," akaniambia siku moja, maana yake dada yangu, "hawa wanalipwa kwa kuanguka tu! Mimi nimeanguka bure miaka yote."

Basi akatokea Meneja. Meneja alikuwa mtu wa Homa Bay aliyewahi kuuza kila kitu isipokuwa ukweli. Kipaza sauti chake alikinunua kwa mwanasiasa aliyeshindwa kura, na hata sauti iliyotoka mle ilikuwa bado inaahidi maji na barabara. Alianzisha mieleka ya kulipwa, ya kutembea soko hadi soko. Oyugi akaitwa Nyati wa Lambwe. Mpinzani wake akawa kijana Mkuria, Chacha, akaitwa Radi ya Ntimaru.

Radi gani! Chacha alikuwa mpole mpaka kuku wetu walimdharau. Alikuwa anakula kwetu, anamsaidia Mama kuteka maji, halafu siku ya soko anamrusha Oyugi hewani na kunguruma. Wakimaliza walikuwa wanaulizana, Oyugi akimwita kijana kwa Kikuria, Chacha akimwita ndugu kwa Kijaluo, "Mura, nimekuumiza?" "Hapana omera, lakini kata kucha."

Sasa kosa langu.

Mieleka peke yake haikuwa inamshibisha Meneja. Alikuwa na dawa ya mgongo. Aliichemsha mwenyewe: mafuta ya kujipaka, kafuri, na pilipili ya kutosha kumfufua maiti. Akaipaki kwenye mikebe ya rangi ya viatu iliyooshwa haraka haraka. Mzee mmoja wa Kisegi mgongo wake uligeuka mweusi tititi, na Meneja akamwambia huo ndio ugonjwa unatoka.

Dawa ilikuwa hainunuliki. Jioni moja Meneja, Oyugi na Chacha walikaa kwetu uani wakilalamika, Mama akiwa kanisani, na mimi nikakosa adabu nikaongea. Mimi, ambaye siongei! Nilisema, "Oyugi aanguke, aseme mgongo umevunjika. Aseme miguu haisikii. Halafu aje nesi, ampake, amvute, asimame acheze."

Wote wakageuka kuniangalia. Nikatamani ardhi inimeze, lakini utamu ulikuwa umeshanishika. Nikaongeza, "Na akivutwa apige kelele aachwe. Akinyamaza watu hawataamini. Kadiri anavyosema wacha, ndivyo nesi avute."

Meneja alinishika mkono kama mtu anayemsalimia waziri. "Huyu mtoto," akasema, "amesoma!"

Na nesi akatoka wapi? Jameni, si ni mimi! Nilikataa mpaka Meneja alipoleta kitambaa cha kufunika uso, kama cha madaktari. Nilipokivaa, nikavaa na koti langu la maabara ya shule, nikawa mtu mwingine. Hakuna aliyenijua. Macho ya watu mia tatu au mia nne yananiangalia, na mimi sijali! Kwa mara ya kwanza maishani nilitembea katikati ya watu, si pembeni. Mama alijua niko Migori kwa shangazi, nasoma hesabu za likizo.

Kisegi nilimponya Oyugi. Migori nilimponya Oyugi. Kila tulipokwenda nilimponya Oyugi, akaruka akacheza, na mikebe ikaisha. Kina mama walinishika koti wakiomba niwaguse kiuno. Nami niliwagusa! Naibu wa chifu mmoja aliniinamia kunionyesha mahali panapomuuma. Mungu wangu, na mtihani wa sayansi nilikuwa nimefeli.

Ndipo ikafika zamu ya Ntimaru.

Asubuhi mvua ilikuwa imenyesha. Ulingo wetu ulikuwa magunia ya maganda ya mahindi yaliyofunikwa turubai, magogo manne pembeni na kamba za katani. Siku hiyo turubai lilikuwa linateleza kama samaki mumi aliyetoka ziwani. Chacha alilikanyaga, akatikisa kichwa.

"Meneja, leo tuache ile ya kurushana. Tushikane tu chini."

"Chacha, watu wamevuka mpaka kutoka Tanzania kwa miguu kuja kuona mgongo ukivunjika. Wewe unataka kuwaonyesha nini? Salamu?"

Oyugi akacheka. "Mura, nirushe tu. Hapa ni kwenu, nitakupa ushindi uonekane na wasichana."

Chacha akamnyanyua. Mguu wa Chacha ukateleza. Oyugi hakuanguka pale kwenye magunia, aliangukia pembeni, na mgongo ukapiga gogo. Niliisikia sauti. Ilikuwa kama mtu amevunja muwa kwa goti.

Watu walishangilia! Walirusha kofia! Walisema hii ya leo ni kali kuliko ya Migori.

"Mgongo!" Oyugi akalia. "Miguu siisikii!"

Maneno yangu, neno kwa neno. Na mimi, mpumbavu, nilifurahi. Siku zote alikuwa anayaharakisha, na leo ameyasema polepole, vizuri kabisa.

Meneja akainua kipaza sauti. "Kuna nesi hapa? Jamani Ntimaru, mna nesi?" Nikaingia na mkebe wangu. Nikapiga magoti. Oyugi alikuwa ametoa jasho usoni kama mtu aliyemwagiwa maji. Akanishika koti, akasema chini chini, kwa Kijaluo, "Weya, nyamera."

Niache, dada yangu.

Sikilizeni vizuri hapa, kwa sababu hapa ndipo nilipokosa. Ulingoni hatukuwa tunaongea Kijaluo hata siku moja. Meneja alitaka Kiswahili, ili Mjaluo, Mkuria na Mtanzania wote wanunue. Na ulingoni mimi sikuwa dada ya mtu. Nilikuwa nesi, sina jina. Oyugi alijua hayo yote. Na mimi nilimsikia. Sitawadanganya kwamba kelele zilikuwa nyingi. Nilimsikia, na nikajiambia ameongeza chumvi. Hata nilimwonea wivu kidogo, kwamba amenishinda kutunga!

"Wacha!" akalia sasa kwa Kiswahili. "Wacha, wacha!"

"Nesi, vuta!" watu wakaitikia. Mama mmoja mwenye beseni la omena alikuwa karibu kabisa. "Usimhurumie, mwanangu! Wanaume wanapenda kudeka! Vuta!"

Nikavuta.

Siku nyingine zote, nikimvuta, Oyugi alikuwa ananisaidia kwa siri. Anasukuma kidogo kwa visigino ili mimi mdogo nionekane nina nguvu. Siku hiyo miguu ilikuja mikononi mwangu mizito, imetulia, kama vitu vya mtu mwingine nilivyoombwa nishike. Nikavuta tena. Yawa! Nilivuta tena!

Meneja akamshika kwapani upande mmoja, mtu mwingine kutoka umati akamshika upande wa pili, wakamsimamisha kwa nguvu. Akajikunja akashuka kama shati bichi lililotoka kwenye kamba.

Soko likamsubiri acheze. Mzee mmoja mwenye koti refu akauliza, "Mpwa wangu aliniambia kule Kisegi kijana alisimama akacheza. Hapa mbona hachezi? Ama mnatubagua?"

"Mzee, atacheza," Meneja akasema bila kupepesa jicho. "Mmejionea wenyewe, wananchi! Huu ni mgongo sugu! Mgongo kama huu hautaki mkebe mmoja. Unataka miwili!"

Na wakanunua miwili. Naapa. Walipanga foleni mbele ya ndugu yangu aliyelala pale, wakawa wananyosha mikono juu ya kichwa chake kupokea mikebe. Yule mzee alichukua mitatu.

Chacha ndiye aliyeona. Alimwangalia Oyugi, akaona kaptula imelowa na mwenyewe hana habari. Akapasua umati kwa mabega, na huo ndio mngurumo pekee wa kweli niliowahi kuusikia kwake. "Wajinga nyinyi! Huyu amevunjika!"

Watu wakapiga makofi.

Tulimpeleka hospitali kwa pikapu ya mchuuzi wa kuku. Chacha alitaka alazwe juu ya mlango wa kibanda, lakini Meneja akasema akilala atafanana na maiti na biashara itaharibika njiani. Kwa hiyo alikalishwa katikati yetu, amenyooka kama abiria, akiruka kila shimo. Barabara ile ina mashimo, jameni! Kila shimo alikuwa ananiangalia. Hakulia. Alikuwa amechoka kuniambia nimwache.

Kufika hospitali, Meneja akasema anaenda kutafuta maji ya kunywa. Bado anayatafuta. Nasikia siku hizi anauza dawa ya macho.

Daktari wa kweli hakuwa na kipaza sauti. Aliuliza polepole, "Nani alimwinua? Nani alimvuta?" Chacha akajibu, "Watu." Mimi nilisimama kwenye korido, koti jeupe likiwa kwenye mkoba wangu, nikaangalia viatu.

Daktari alieleza kuhusu uti wa mgongo. Kwamba mtu akiumia pale, anaachwa alale hivyo hivyo, kichwa na mwili visigeuzwe, mpaka waje wanaojua kumbeba juu ya kitu kigumu. Kwamba pengine gogo lilimaliza kazi yote peke yake. Pengine halikumaliza, na mikono ndiyo iliyomalizia. "Hatutajua," akasema.

Hilo neno ndilo ninalolala nalo. Angesema "ni wewe" ningelia nikaisha. Angesema "si wewe" ningelala. Hatutajua!

Oyugi hatembei. Mikono iko sawa, kelele bado anazo kidogo, lakini kuanzia kiunoni kwenda chini ni kimya. Namgeuza kitandani asitoke vidonda, upande huu, upande ule. Mama anaisifu roho yangu nzuri mbele ya wageni. "Huyu mtoto ni malaika. Lakini yule nesi, yule shetani wa Ntimaru, siku nikimpata!" Halafu ananiambia nimletee Oyugi uji.

Na Chacha! Chacha bado anakuja, anafua mashuka, anakaa nje ya mlango. Mama hamwangalii. Anamwambia Oyugi, huku Chacha anasikia, "Rafiki yako aliyekutupa amekuja." Chacha anajua nesi ni nani. Hajafungua mdomo. Amebeba mzigo wake na wangu, na mimi nimemwacha abebe, kwa sababu mimi ni mwenye haya. Ndivyo nilivyokuwa najiita. Siku hizi naona jina lake lingine ni mwoga.

Wageni nao hawaishi. Wiki iliyopita alikuja jamaa wa mbali kumpa Oyugi pole, akakaa, akanywa chai, akajisugua kiuno. "Kijana, ile dawa yenu ilikuwa nzuri sana. Hakuna hata mkebe mmoja umebaki?" Oyugi alimwangalia, akaangalia miguu yake mwenyewe, akacheka mpaka machozi. Mimi sikucheka.

Alipoondoka nilimwambia Oyugi nataka kuandika haya yote yatoke gazetini.

"Andika," akasema. "Lakini usiandike ukilia. Waandikie waelewe. Mtu akisema asiguswe, asiguswe. Hata kama jana alikuwa anadanganya. Hata kama amewadanganya mara kumi. Wamwache chini."

Basi nyinyi wenye vijana wanaorushana kwa pesa, na nyinyi mnaosimama pembeni mkipiga kelele vuta, mmesikia. Kwetu mtu akianguka kila mmoja anakuwa daktari: huyu anamwaga maji, huyu ananyoosha shingo, huyu anamkalisha apate hewa. Kaeni mbali! Mlazimisheni mwenye haraka asimguse. Tafuteni mlango, tafuteni ubao, tafuteni anayejua. Na wewe uliyefunika uso ukajiona jasiri, jiulize ni nani anayeumia ili wewe uonekane.

Majina yote nimeyabadilisha kama nyinyi wa gazeti mnavyotaka. Lakini kuna msomaji mmoja ambaye majina hayatamzuia. Yeye husoma ukurasa huu kila Jumamosi baada ya chai, kwa sauti, nyumba nzima isikie, na kila anayeungama humu anamhukumu kabla hajafika mwisho.

Mama, usimwangalie Chacha hivyo tena. Ukimaliza kusoma, geuka. Niko hapa nyuma yako, mlangoni.