Shule Tuliyoihama kwa Pamoja

Kuna asubuhi moja ya wakati wa korona ambayo haijanitoka, mwanangu, na kwa kuwa umeniambia unamtafutia mtoto wako shule, nitakusimulia. Keti. Chai ipo.

Tulikuwa hapa St Marys, mtaa wetu wa huku ughaibuni, tumefungiwa nyumbani, baridi ya Julai imetuingia mpaka mifupani. Binti yangu Wanza, ambaye ni nesi, alikuwa ametoka zamu, amelala. Mimi nilikaa mezani na mwanawe Mumo, wa miaka tisa, aliyekuwa akisomea kwenye kompyuta. Nikamwambia anisomee alichotumiwa na mwalimu. Akaitazama picha, akaanza kunitungia hadithi. Nikaweka kidole kwenye neno moja. Akapiga miayo.

"I'm just tired, Shosho," akaniambia mimi bibi yake.

Hakuwa amechoka. Hakujua kusoma.

Sasa sikia tulivyofika hapo. Mumo alianzia shule ya serikali ya hapa mtaani. Kisha familia moja ya kanisani ikamhamishia mtoto wao shule ya kulipia, yenye tai na koti, ya pili ikafuata, na unatujua sisi: ukiulizwa baada ya ibada mtoto anasoma wapi, ukataja ya serikali, watu wanakuonea huruma. Tukahama wote. Hiyo ya kulipia nayo hupewa hela na serikali, kodi ya huyo huyo Wanza, lakini hatukuuliza hata siku moja inazifanyia nini. Tuliona tai tukaridhika.

Wanza alipoamka nikamweleza. Akashika kichwa. "Mum, tulichagua wenyewe. Nikianza kulalamika wataniambia, si umrudishe public?"

Nikamkumbuka marehemu baba. Nilipokuwa msichana kule Machakos, wazazi walijenga shule yetu kwa mchanga waliobeba kutoka mtoni. Ilipofunguliwa, baba akawa anakuja bila kualikwa, anakaa dawati la nyuma, kofia magotini, anasikiliza. Wenzangu walicheka. Nikamwomba asije tena. Hakunikaripia, aliniambia tu, "Mchanga niliubeba watu wakiniona, na kuuliza nitauliza watu wakinisikia. Ukiona haya, geuza uso." Nilinuna. Lakini mwalimu wetu hakukosa darasani.

Haya nilimwambia Wanza. Siku ya mkutano wa wazazi, uliofanyika kwenye kompyuta, nikaketi kando yake. Mwalimu mkuu alisema mambo yanaenda vizuri. Wazazi wenzetu wakashukuru mmoja mmoja, kwa ile heshima yetu ya kumwona mwalimu kama mchungaji. Wanza akawasha kipaza sauti. Akauliza mtoto wake amesaidiwaje kusoma, na hela za serikali za kusaidia watoto kama yeye zimefanya nini. Mwalimu mkuu akamshukuru kwa swali, akasema atajibiwa. Hajajibiwa mpaka leo. Na wale wenzetu, ambao nilikuja kujua watoto wao walikuwa na shida ileile, hakuna aliyeongeza neno.

Tukamrudisha Mumo shule ya mtaani. Mwalimu aliyempokea alikuwa mwema, hakutuficha kitu. Alikuwapo mwalimu wa kuwasaidia waliochelewa kusoma, akasema, lakini watoto walipopungua, hela nazo zikapungua, na nafasi yake ikaondolewa. Wanza akauliza walipungua lini. Alipojibiwa, hakuuliza tena. Ulikuwa mwaka ule tuliohama sisi.

Mumo sasa ni kijana mrefu. Anasoma, polepole, amefunga mlango, na hataki mtu amsikie. Inaniuma, sitakudanganya.

Mwanangu, chagua shule unayoitaka, sikukatazi. Lakini ukishachagua, usikae kitako. Mketishe mtoto akusomee mwenyewe, usiamini ripoti peke yake. Uliza hela zinafanya nini, na ukimsikia mzazi mwenzako ameuliza, fungua kinywa nawe, usimwache peke yake. Na ile shule unayoiacha usiisahau. Iulizie pia, maana kuna mtoto wa mtu atakayebaki pale.

Mungu akuondolee woga wa kuuliza. Na mtoto wako asome kwa sauti nyumba nzima isikie, mpaka umsihi apumzike.