Mafuta Mashavuni

Kila baada ya adhuhuri, mzee akishajilaza, mama mkwe wake Areeba hukaa ukingoni mwa kitanda cha mumewe huyo, katika nyumba yao ya Kibokoni, na kulowesha kiganja. Hukipitisha polepole pembeni mwa barakoa ya mashine ya kupumulia, akitafuta ubaridi wa hewa inayovuja. Akiupata, hukaza mkanda. Daktari alishawaambia kwamba pumzi ya mzee hukatika usingizini, na moyo wake umechoka kuvumilia. Kwa hiyo mama hakazi kwa mchezo.

"Kaza tu, bibi weye," mzee hutania. "Nishakuwa gunia la karafuu."

Mkanda umemchimba kidonda shavuni. Kila siku, kabla ya kumvisha, mama hukipaka mafuta ya nazi, kisha uso mzima, kwa vidole visivyo na haraka, kama apakaye mtoto mchanga. Na kila siku hewa huvuja tena.

"Mashine mbovu hii," husema.

Jana Areeba alimsaidia, na barakoa ikamteleza mkononi. Alisugua kidole kwa kidole. Kunyamaza aliona ni dhuluma.

"Mama, mashine ni nzima. Ni haya mafuta."

Mama aliinuka akaleta maji. Alimwosha mzee uso kwa sabuni, akamkausha, akamvisha, akalegeza mkanda. Barakoa ikashika. Mzee akalala, na kidonda kikabaki wazi, chekundu na kikavu. Mkono wa mama ukainuka kukielekea, ukasita, ukarudi. Ukainuka tena. Ndipo akaikalia mikono yote miwili.