Mwonekano Mpya, Harusi Ileile

Juzi nilikuwa steshenari moja hapa Lushoto. Mwenye duka alikuwa amejaribu mwonekano mpya kwenye kompyuta yake: vitufe vyote vimehamia juu, na menyu hajui iko wapi. Mbele yake alisimama mama wa makamo kutoka Gare, amefuata kadi za harusi ya binti yake, na gari la kumrudisha linapiga honi nje.

"Jana si ulinionesha kadi hapohapo?"

"Zipo, mama. Nimehamisha vitu tu, bado sijazoea."

Mimi niliyetembea nchi za watu nikajitosa. "Shikamoo, mama. Niachieni mimi." Nikabonyeza kitufe nisichokijua. Kioo kizima cha kompyuta kikazunguka kama boksi, kila kitu kikaenda nyuma, ikabaki picha tupu ya bahari.

"Marahaba," mama akaitikia taratibu. "Haya mwanangu, sasa keti."

Mwenye duka akajitoa kwenye kompyuta, akachagua mwonekano wa zamani, akaingia upya. Kadi hizo hapo, zikachapwa. Mama akazikumbatia, kisha akanichomolea moja.

"Karibu harusini, baba. Ila ukifika, usiguse kitu."

Nitakwenda, mikono mfukoni mpaka pilau iletwe.