Pumzi ya Mama na Gesi ya Kaka

Kama kweli mama ana pumu, mbona inhela ya pumu haimsaidii? Swali hilo lilininyima usingizi wiki nzima huku Kitale ninakofanya kazi. Zahanati ya kwetu Kabuchai ilimsikiliza kifua tu, ikasema pumu. Nikawaza: labda anaitumia vibaya, labda ni baridi, labda ni mimi ninayefikiria kupita kiasi. Jambo moja tu sikulitilia shaka: kwamba si moshi. Mshahara wangu wa kwanza baada ya chuo ulimnunulia jiko la gesi, na kila nilipokwenda nyumbani nililikuta likiwaka.

Nikamleta Kitale apimwe pumzi. Daktari, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya kocha, alimbana pua kwa kibanio na kumwekea mrija mdomoni.

"Vuta, jaza kifua! Sasa toa! Toa, toa, usiache, mama!"

Mama alipuliza mpaka macho yakamtoka. Akarudia hadi vipimo vikakaribiana. "Daktari," akasema akihema, "hii ni kama kupuliza kuni mbichi asubuhi."

Tukacheka. Mimi nikawa wa kwanza kuacha.

Alivuta dawa ya kufungua njia za hewa, tukangoja kwenye benchi, kisha akapuliza upya. Daktari akanieleza: katika pumzi yote mtu anayoitoa kwa nguvu, angalau asilimia sabini inafaa itoke katika sekunde ya kwanza. Ya mama haikufika, hata baada ya dawa. Ingekuwa pumu, kwa kawaida njia zingefunguka zaidi. Hizi zilionekana zimeziba kwa kudumu.

"Lakini mashine peke yake haitoshi. Anakohoa miaka mingi, anaishiwa pumzi akipanda kilima. Nataka kujua kifua kimekula nini. Sigara?"

"Hapana."

"Moshi wa jikoni?"

"Anapikia gesi," nikajibu haraka.

Mama akatazama viatu vyake. "Gesi iko Kamukuywa, kwa kaka yako. Anapikia chapati hotelini."

"Na ile ninayoionaga?"

"Ukipiga simu unakuja, anailetanga na pikipiki. Ukienda, anarudisha."

Hata watoto wa kaka walikuwa wamefundishwa kunyamaza. Nilikuwa nikikiombea kifua cha mama mezani mbele yao, nao wanaitikia amina.

"Si wewe unajiweza?" mama akasema. "Yeye ana watoto. Na ugali ya gesi haina utamu."

"Kilichoharibika hakirudi, mama," daktari akamwambia. "Tunazuia tu kisiendelee kuharibika. Moshi uishe."

Nikawaza tena. Nikiichukua gesi, hoteli ya kaka italala. Nikinunua nyingine, itafuata njia ile ile. Kesho yake nilikodi gari kumrudisha mama, na sikumpigia mtu simu.

Tulipitia Kamukuywa, nikamkuta kaka hotelini akigeuza chapati. "Oneni, digrii imekuja! Sasa?"

"Nimekuja kuchukua gesi."

"Ati leo? Si ungepiga simu nilete mwenyewe?" Hata aibu hakuona. "Wateja watakula nini, bana?"

"Mama hana pumu. Ni moshi ndio umemharibu kifua."

Nikafunga mtungi chapati ikiwa bado mbichi upande mmoja, nikachomoa mpira, nikabeba jiko na mtungi mwenyewe hadi kwenye gari, ambamo mama alikuwa akikohoa.