Siku Niliyostaafishwa kwa Manufaa ya Umma

Barua ilikuwa na mistari minne. Ilinistaafisha kwa manufaa ya umma kuanzia siku hiyo, nikiwa na miaka arobaini na mitatu, wala haikutaja kosa. Nilikuwa mkaguzi katika ghala la mazao pale Tunduma, mwenye shahada ya kilimo, na kazi yangu ilikuwa kuchoma gunia kwa bambo, kutoa punje na kuzing'ata ili kujua kama mahindi yamekauka. Kilichonitesa tangu asubuhi ni jambo moja: mke wangu angeniuliza nimefanya nini, nami sikuwa na jibu la kumpelekea nyumbani Chapwa.

Wenzangu hawakujua waniage vipi. Mpiga chapa alinipa mkono, akasema, "Hongera, kaka," kisha akaniangalia usoni. "Yaani, pole."

Karani wa mizani akacheka. "Chagua moja, mama, mtu anaondoka!"

Nikaingia kwa meneja.

"Ndugu Meneja, kosa langu ni lipi?"

"Barua haikusema una kosa, ndugu."

"Basi ni yale mahindi ya Iyula?"

"Mahindi gani?"

Hapo ilinipasa ninyamaze. Badala yake nilimweleza mwenyewe: msimu uliopita wakulima wa Iyula walifika na mikokoteni ya ng'ombe, wamenyeshewa njia nzima, niling'ata punje, ikabonyea chini ya jino, nami nikaandika kwamba ni kavu, kwa sababu sikuweza kuwarudisha. Meneja aliweka kalamu mezani.

"Hilo ndiyo kwanza nalisikia, tena kutoka kwako," alisema. "Nenda nyumbani, ndugu yangu, kabla hujaniambia jingine."

Nilikabidhi bambo na funguo, nikatoka. Njiani nilishindwa kuamua. Kosa nililokuwa nalo halikuwa sababu ya barua. Na sababu ya barua, kama ilikuwapo, sikuijua. Nikimsimulia mke wangu habari ya mahindi, ataamini ndiyo iliyoniondoa. Nikinyamaza, nitakuwa nimemficha.

Alikuwa mlangoni. Habari za barua zilikuwa zimeshamfikia.

"Baba watoto, niambie mimi sababu kabla majirani hawajaniambia. Ulifanya nini?"

"Sijui," nilisema. Nilikuwa nikisema kweli, ingawa sauti yangu ilitoka kama ya mtu anayeficha kitu.



"Haya," akasema, akinipokea koti. "Tutasema hivyo."